Stika ya i7 haikuniambia kompyuta itakavyokuwa

Kwa miaka minne nimetumia kompyuta mpakato yenye stika ya Core i7, jina la prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ilikuwa ikienda polepole kwa sababu ya wingi wa kazi ninazoipa. Niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, na muuzaji alinitajia sifa tatu: i7, RAM ya GB 8 na diski ya TB 1. Zote zilikuwa za kweli.

Hata hivyo, kila asubuhi nilipoiwasha niliweza kumimina chai na kuifikisha nusu kikombe kabla faili la mitihani ya wanafunzi wangu halijafunguka. Diski ile ilikuwa ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na prosesa, hata ingekuwa na kasi kiasi gani, ililazimika kuisubiri. Mwaka jana fundi aliing'oa akaweka SSD ya GB 256, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, bila kugusa kitu kingine chochote. Siku hizi inawaka kabla sijakaa vizuri kitini. Kwa hesabu ya muuzaji kompyuta yangu imeshuka thamani, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi imebaki robo. Kwangu mimi ni kama nimenunua nyingine.

Jina i7 nalo linahitaji kusomwa hadi mwisho. Yangu ni i7-4600U ya mwaka 2013, yenye viini (sehemu zinazofanya kazi ya hesabu) viwili tu, ilhali i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne na imo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Yangu haimo, hivyo imebaki na Windows 10, ambayo iliachwa kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025.

Kisha kuna mambo ambayo dukani hayatajwi kabisa. Kioo changu kina mwanga hafifu, hivyo nikikaa karibu na dirisha la darasa naona uso wangu kuliko maandishi. Betri ndiyo iliyonisikitisha zaidi, maana umeme hukatika kwetu mara kwa mara: nilipoandika amri ya powercfg /batteryreport, ripoti ilionyesha kwamba betri iliyoundwa kubeba wati-saa 48 sasa inabeba 17. Amri hiyo haihitaji hata dakika moja, na laiti ningeijua siku ile ningeiandika pale pale kaunta.

Wiki ijayo namsindikiza mdogo wangu kutafuta kompyuta ya chuo. Nimemwomba aandae insha yake ndefu kwenye flashi, ili tuifungue na kuandika aya nzima kwa kibodi ya kila mashine atakayoipenda, tuitoe mlangoni penye jua tutazame kioo, na tusome ripoti ya betri kabla ya kuzungumza bei.