Mawe matano kwenye njia ya Darwin

Nilikuwa na mwaka wa tatu London nilipofika Downe, kijiji alichoishi Darwin, na hata siku hiyo nusura nirudi njiani. Treni hadi Bromley South haina taabu. Kasheshe ni basi namba 146: nililiona kisogo tu likiondoka, nikakaa kituoni karibu saa nzima na manyunyu. Angalia ratiba kabla hujatoka nyumbani. Na usivae raba nyeupe kama mimi.

Basi linakuacha kijijini, jirani na kanisa. Kutoka hapo ni mguu, dakika kama kumi, kwenye barabara nyembamba. Gari likija unajibanza kwenye michongoma.

Charles Darwin, mwanasayansi aliyeandika vitabu vya nadharia ya mageuzi ya viumbe, alihamia nyumba hii, Down House, mwaka 1842, akaishi hapo mpaka alipofariki mwaka 1882. Huyo ndiye aliyezunguka dunia miaka mitano kwa meli! Kiti chake cha kazi kina vigurudumu miguuni. Aliandika akiwa amepakata ubao. Sebuleni ndipo penye piano, na humo nilicheka peke yangu, maana aliwahi kuweka vyungu vya nyungunyungu juu ya piano aone kama watashtuka ikipigwa. Sijui mkewe Emma alisema nini. Watoto nao walikuwa na ubao wa kutelezea ngazini. Kumbe vitabu vyote vile viliandikwa katikati ya makelele.

Lakini mimi nilifuata njia yenyewe, Sandwalk. Unapita bustani ya mboga na banda la vioo la mimea, unatokea mwisho wa shamba. Kipande hicho alikikodi mwaka 1846 kwa jirani yake Lubbock, akapanda miti, akatengeneza njia ya kuzunguka. Upande mmoja kichaka chenye kivuli kizito, upande wa pili uwanda mweupe hadi bondeni. Darwin alikuwa akirundika mawe ya gumegume pembeni, kila akimaliza mzunguko analipiga teke moja, asihangaike kuhesabu huku anawaza.

Nikamkumbuka bibi yangu kule Tanga na kokwa zake za tende. Baada ya swala alikuwa akizihamisha moja moja kutoka kwenye kikapu kwenda kwenye sahani, midomo ikicheza. Ukimwita, hasikii.

Basi nami nikaokota vijiwe vitano, nikavipanga ukingoni. Mzunguko wa kwanza nilikuwa nawaza raba zangu, zilizokwisha kuwa rangi ya udongo. Wa pili, zamu yangu ya usiku. Wa tatu kunguru alilia kichakani nikasimama kumtafuta, sikumwona. Baada ya hapo sikumbuki nilichowaza, ila nilipoangalia chini kilikuwa kimebaki kijiwe kimoja, na sikuweza kuapa kama nimezunguka mara nne au tano.

Nikakipiga teke, nikakimbilia basi.