Kitunguu, mtindi na kiini cha seli

Walimu wa baiolojia hapa Dar, kitunguu maji cha Kariakoo kinatosha kuwaonyesha wanafunzi kiini cha seli. Bandua utando mwembamba wa ndani, tandaza kwenye kioo, tone 1 la iodini, subiri dakika 2. Kioo cha juu kishushe kwa kukiinamisha, ukikidondosha, hewa inanaswa na wanafunzi watachora mapovu wakidhani ni viini (kila mwaka!). Ukuzaji wa mara 400, kiini hicho hapo, cha hudhurungi. Bakteria wa mtindi hawana.

Sasa kilitoka wapi? Mwaka 2015 zilitangazwa Lokiarkea, kundi la arkea (viumbe vya seli moja visivyo na kiini, tofauti na bakteria), kutoka tope la chini ya bahari, kati ya Norwei na Greenland, zenye jeni zinazofanana na zetu za aktini, protini inayosaidia kuipa seli umbo. Arkea wa ukoo huo aliungana na bakteria aliyekuja kuwa mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati. Hapo ubishi ni mdogo.

Kwenye kiini ndiko kuna mvutano. Binafsi naipa uzito hoja ya wanabiolojia William Martin na Eugene Koonin ya 2006: bakteria yule alileta introni, vipande vinavyokatiza jeni. Kuviondoa ni kazi ya polepole, ilhali ribosomu, mitambo ya seli inayosoma ujumbe wa jeni na kutengeneza protini, zina haraka. Zikisoma ujumbe kabla haujasafishwa, protini zinatoka mbovu. Utando wa kiini ukazitenganisha kazi hizo mbili.