Macho ya Lea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekuwa na vitabu viwili. Kimoja ni ufafanuzi wa Mwanzo, kazi ya kisomi, kinene, ambamo mstari mmoja wa Biblia unaweza kuchukua kurasa tatu. Hicho nimekisoma alfajiri, penseli mkononi. Cha pili ni riwaya ya mapenzi ya enzi za farasi na barua za lakiri. Hiki nimekisoma usiku, na mgeni wa kanisani alipobisha hodi nilikifunika kwa gazeti. Niliona haya. Leo sioni tena, na sababu ni hii.

Katika riwaya hiyo kuna dada wawili. Mdogo ndiye anayependwa, na hadithi yote ni yake. Mkubwa amepewa ukurasa mmoja tu: usiku wa manane anashona pindo la gauni la harusi la mdogo wake, taa inafifia, sindano inamchoma, naye anakinyonya kidole haraka damu isije ikadondokea kitambaa cheupe. Basi, hatajwi tena. Wapenzi walioana, kitabu kikaisha, nami nikabaki namtafuta yule dada.

Kulipopambazuka nikafungua Mwanzo 29. Sura hii naijua tangu utotoni, na siku zote nimeisoma kwa ajili ya Yakobo, aliyetumika miaka saba kwa Raheli akaiona kama siku chache. Mara hii sikuweza kumpita Lea, dada mkubwa wa Raheli, ambaye baba yao alimwingiza kwa Yakobo usiku wa harusi badala ya Raheli. Kulipokucha, kumbe ni Lea! Mshangao wa Yakobo tumeuhubiri sana. Lakini Lea naye alikuwapo palepale, akiutazama uso wa mume ukibadilika kadiri mwanga unavyoingia.

Yule msomi ananiambia kwamba neno la Kiebrania linalosemwa juu ya macho ya Lea, ambalo hutafsiriwa “dhaifu”, laweza pia kuwa “laini”, “ya upole”. Wataalamu hawajakubaliana. Huenda basi macho ndiyo yaliyokuwa uzuri wake, nasi tumemsoma kama mwenye kasoro! Kisha yako majina ya wanawe. Reubeni: Bwana ameliona teso langu, sasa mume wangu atanipenda. Simeoni: Bwana amesikia kwamba sipendwi. Lawi: sasa mume wangu ataambatana nami. Kila mtoto ni ombi lilelile linalorudi bila jibu. Anapofika wa nne, Yuda, mume hatajwi kabisa. Mara hii, anasema, nitamsifu Bwana. Na ni katika ukoo wa huyo Yuda alikozaliwa Daudi, na Kristo mwenyewe.

Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, aliungama kwamba ujanani alimlilia Dido, mwanamke wa katika shairi la Virgil, mshairi wa Kirumi, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku macho yake yakiwa makavu kwa hali ya roho yake mwenyewe. Aliyajutia machozi hayo. Onyo lake nalipokea, maana upo usomaji wa kujificha. Ila kwangu mambo yalikwenda kinyume: dada ambaye hakuwahi kuishi ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa aliyeishi. Ufafanuzi ulinipa neno la Kiebrania, na nilikuwa nalihitaji. Moyo wa kusimama penye neno hilo niliupata usiku ule, penye sindano na kidole.

Jana nimefika sura ya 49. Yakobo yuko Misri, anakata roho, anawaagiza wanawe wamzike katika pango la Makpela. Raheli alizikwa njiani, kuelekea Efrata, ndiyo Bethlehemu. Mzee anawataja waliolala pangoni: Abrahamu na Sara mkewe, Isaka na Rebeka mkewe. Halafu anasema, huko ndiko nilikomzika Lea.

Nimepiga mstari wa penseli hapo. Sura ya 50 bado sijaifungua.