Chumba cha Juu cha Kasri la ʻIolani

Mpwa wangu alikuwa ameshapanga siku nzima: asubuhi ufukwe wa Waikīkī, mchana Pearl Harbor, usiku ngoma ya hula na karamu ya nguruwe wa kuokwa ndani ya shimo, ingawa alijua fika kwamba huyo nguruwe mimi na yeye tungemtazama tu. Ilikuwa Machi 2023, naye ni muuguzi Honolulu, Hawaii, kwa miaka mingi sasa. "Mjomba, watu wanavuka dunia nzima kuja kuoga bahari hii," akanambia. Nikamjibu kwamba bahari nimeiacha nyumbani na itaningoja; kwanza anipeleke kwa mwenye mji. Nimetembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja, tangu ujana wangu, na mazoea hayo hayatoki.

Mwenye mji alikaa Kasri la ʻIolani, katikati ya Honolulu, ng'ambo ya barabara kutoka ilipo sanamu ya Mfalme Kamehameha. Mlangoni tulipewa vifuko vya kitambaa tuvalie juu ya viatu tusije tukachubua sakafu, tukaingia tukiburuza miguu, karibu wote Wamarekani wa bara isipokuwa sisi wawili. Aliyetuongoza alikuwa bibi wa Kihawaii mwenye mvi tele. Kijana wa mlangoni alimwita shangazi, kama huko wanavyowaita wanawake wote wa umri ule, nami nikamwita mama.

Nilimsikiliza kwa sikio la mtu wa kazi ileile. Alianza na umeme, na mimi ningeanzia hapohapo. Mfalme Kalākaua alilimaliza kasri mwaka 1882, na miaka michache baadaye akatia taa za umeme, kabla Ikulu ya Washington haijapata zake mwaka 1891. Simu ilikuwamo, vyoo vya kuvuta maji vilikuwamo. Nikacheka kimoyomoyo. Sayyid Barghash, sultani wetu wa Unguja, alimaliza kasri lake la Beit al-Ajaib mwaka 1883, na riziki yangu yote nimeipata kwa kuwasimulia wageni habari za taa zake na lifti yake. Wafalme wawili, kila mmoja kisiwani kwake, wakimaliza kujenga kwa tofauti ya mwaka mmoja tu ili Wazungu wanaotia nanga bandarini waone kwamba hapa pana dola.

Ngazi za mti wa koa, thuria, mazulia: hayo nayapita, kasri gani halina mapambo. Ila alituambia kwamba vyombo vingi viliuzwa mnadani baada ya ufalme kuangushwa, na watunzaji wamekuwa wakivisaka na kuvirudisha kimoja kimoja. Hapo nikaona wivu kidogo.

Ukumbi wa enzi ndipo alipobadilisha mwendo. Akasimama, akangoja tunyamaze, akasema hapa ndipo aliposhtakiwa malkia.

Liliʻuokalani alirithi ufalme mwaka 1891, kaka yake Kalākaua alipofariki. Mwaka 1887 kaka huyo alikuwa amelazimishwa, bunduki zikiwa karibu, kutia saini katiba iliyompokonya madaraka na kuwanyima raia wake wengi kura. Malkia alipotaka kuleta katiba mpya, wafanyabiashara na mawakili, wengi wenye nasaba ya Kimarekani na maslahi kwenye mashamba ya miwa, waliunda kamati ya kumwondoa. Tarehe 16 Januari 1893 askari wa manowari ya Marekani, USS Boston, walishuka nchi kavu. Siku ya pili malkia akasalimu amri huku akiandika kwamba anapinga, akitumaini Washington itamrudishia haki yake, na akikataa damu ya watu wake imwagike. Haki haikurudi. Januari 1895 wafuasi wake waliinuka na kushindwa, naye akakamatwa, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi ndani ya ukumbi wake mwenyewe: miaka mitano ya kazi ngumu na faini ya dola 5,000. Kazi ngumu hakuifanya. Walimfungia ghorofani kwa karibu miezi minane.

Mama yule aliyasema haya bila kupandisha sauti. Alisema "askari wa Marekani" mbele ya Wamarekani waliolipa tiketi zao, akiwatazama usoni. Katika kazi yetu mgeni akikunja uso tu, bakhshishi imeruka, kwa hiyo mtu hujifunza mapema kupinda maneno. Yeye hakupinda hata moja.

Chumba cha juu alimofungiwa hakina mapambo ukilinganisha na vingine. Ndani ya kioo umo mfarishi wa viraka vya hariri alioushona malkia akiwa kifungoni, umetariziwa majina, bendera za Hawaii zilizopishana, na tarehe aliyofungwa. Alikatazwa magazeti, lakini maua ya bustani yake yaliletwa yakiwa yamefungwa kwa karatasi za magazeti, na hivyo akapata kusoma. Mpwa wangu alisimama mbele ya mfarishi ule mpaka kundi likatuacha.

Tulipolifikia, bwana mmoja mwenye kofia alikuwa anauliza: si watu wa Hawaii walipiga kura wenyewe mwaka 1959 wawe jimbo? Mama akasema ndiyo, walipiga. Kisha akamweleza kwamba kura iliuliza wawe jimbo au wasiwe, na kujitawala tena hakukuwamo kwenye karatasi. Akaongeza kwamba mwaka 1993 Bunge la Marekani lenyewe liliomba radhi kwa kuhusika na mapinduzi yale, na Rais Clinton akatia saini. Bwana yule akavua kofia, sijui kwa joto au kwa heshima.

Chini, tukirudisha vifuko vya viatu, nilimwambia mama kwamba nami ni mtembeza wageni, na kwamba kwetu Waingereza walilipiga kasri la sultani kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Nikamtolea ile kauli tunayoitoa sote pale Forodhani: vita vifupi kuliko vyote duniani, havikufika dakika arubaini! Wageni huwa wanaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Walikufa wangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia waliouawa na kujeruhiwa upande wetu wanakadiriwa kuwa 500.

"Kwa dakika hizo arubaini," akasema, akanishika mkono, akaenda kupokea kundi jingine.

Mpwa wangu alitoka Unguja akiwa mdogo, na habari ya zile 500 hakuwa ameisikia. Tukakaa chini ya mkubwa wa miti iliyomo uani, akataka yote: Sayyid Khalid, sultani aliyepigiwa kasri lake, alivyokimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni Saint Helena, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927. Akauliza na Beit al-Ajaib sasa ikoje. Nikamweleza upande wake ulivyoporomoka siku ya Krismasi 2020, katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa chini ya kifusi. Pearl Harbor ikatupita, na kwenye kioo cha gari tukakuta karatasi ya faini ya maegesho, ambayo alikataa katakata nisiilipe mimi.