Vishikwambi 12 na ufunguo mmoja: Jumanne yangu

Saa 10:45 alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Juu ya meza ya chakula kuna vishikwambi viwili vilivyolala vikichajiwa usiku kucha. Nilivileta nyumbani jana kwa sababu vilikataa kuwaka, na katika shule nyingine vilikotoka yuniti za umeme za LUKU zilikuwa zimeisha tangu mchana. Kimoja kimejaa. Cha pili kimegota kwenye asilimia 31, bila shaka tundu la chaji limelegea. Nakifunga kwenye khanga na kukiweka kwenye mkoba.

Mimi ni ofisa katika idara ya elimu ya manispaa moja hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilifundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka 11. Sasa kazi yangu ni kupeleka vishikwambi shule kwa shule na kuhakikisha watoto wanavishika. Kuvipeleka ni suala la gari na dereva. Hilo la pili ndilo linaloniamsha saa hizi.

Saa 12:05 asubuhi

Kituoni Tabata wanafunzi wamejaa, mashati meupe, mabegi makubwa kuliko migongo yao. Konda anapakia watu wazima kwanza, maana mwanafunzi analipa shilingi 200 tu. Wawili wadogo, wa darasa la kwanza au la pili, nimewaona wakiachwa na daladala mbili. Ya tatu nimepanda nao, nimewashika mikono, na konda hakusema neno. Mmoja amesinzia begani kwangu kabla hatujafika Buguruni.

Ndiyo maana sipangi tena somo la kishikwambi kipindi cha kwanza. Zamani nilipanga hivyo, nikidhani asubuhi akili za watoto zimetulia. Kumbe wengine bado wako barabarani, na anayechelewa akifika anakuta makundi yameshapangwa, anakaa pembeni.

Saa 1:20 asubuhi

Nafika shule ya kwanza watoto wakiwa mstarini. Namwamkia Mwalimu Mkuu, mama wa makamo ambaye amebakiza miaka miwili astaafu. Ananiitikia marahaba, ananiuliza habari za nyumbani, kisha ananiingiza ofisini na kufungua kabati la chuma. Ufunguo wake uko mmoja tu, umefungwa pamoja na funguo za geti.

Ndani mna vishikwambi vya wanafunzi, vyote 12, vimepangwa vizuri sana. Saba bado vina ile nailoni ya kiwandani juu ya kioo. Viliingia shuleni hapa miezi minane iliyopita.

Zamani ningekasirika. Sasa nauliza swali moja: "Nani amesaini?"

Aliyesaini ni mwalimu wa darasa la tatu. Tumekaa naye chini ya mwarobaini dakika kumi kabla ya kipindi. Ni mwalimu hodari, na teknolojia haimtishi hata kidogo. Mwaka 2022 alikuwa karani wa Sensa, ile ya kwanza nchini kufanyika kidijitali. Alitembea na kishikwambi uchochoro kwa uchochoro, akavuka nacho mitaro, akahesabu kaya mpaka usiku. Sensa ilipoisha, serikali ikavigawa vishikwambi vile kwa walimu, na yeye alipata chake na anakitumia. Kwa hiyo nikamuuliza kwa nini hivi vya wanafunzi vinalala kabatini.

"Madam, cha Sensa nilijua baada ya siku chache nakirudisha. Hivi sina siku ya kuvirudisha. Viko 12, nimesaini mimi peke yangu, na darasani nina watoto 94. Kikianguka kimoja nitakilipa kwa mshahara upi?"

Akanionyesha nakala yake ya fomu ya makabidhiano. Ameitunza kwenye bahasha pamoja na vyeti vyake. Sentensi yenyewe ni moja: mpokeaji atawajibika kulipa gharama yote endapo kifaa kitapotea au kuharibika. Haisemi kimepotea vipi. Haisemi kama mwizi amevunja dirisha na ofisi nzima imeibwa, au kama mtoto wa miaka minane amejikwaa.

Nimeshasikia wakubwa wakisema walimu hawataki mabadiliko. Mimi nimekaa na walimu wengi sasa, shule baada ya shule, na ninachokiona ni watu wenye hesabu sahihi. Ukimfungia mtu deni shingoni kwa kitu ambacho watoto 94 watakishika, atakifungia. Hata mimi ningekifungia.

Saa 2:40 asubuhi

Leo tumekubaliana: mimi nipo, chochote kikitokea ni juu yangu. Tukatoa vyote 12, tukavua nailoni.

Watoto 94 kwa vishikwambi 12 ni makundi ya wanane wanane, mawili yamepungukiwa. Kundi la wanane kwenye kioo kimoja lina tabia yake. Mmoja anashika, wawili wanaona, wanne wanabishana, na wa mwisho kule kwenye kona ya dawati anatazama dirishani. Nimelijua hili kwa kukosea. Miezi ya mwanzo nilikuwa nasimama mlangoni, nasikia kelele za furaha, naandika kwenye ripoti kwamba somo limekwenda vizuri. Siku moja nilikaa nyuma ya kundi moja kipindi kizima, nikamhesabia msichana mmoja: hakugusa kioo hata mara moja katika dakika arobaini.

Kwa hiyo sasa tuna utaratibu wa kupiga makofi. Mwalimu akipiga mara mbili, kishikwambi kinahamia mkono wa kulia, hata kama jibu bado. Aliyekishika ndiye anayegusa, wengine wanasema kwa mdomo. Inachosha, na kipindi cha kwanza huwa fujo. Cha tatu wanazoea.

Leo walisoma kitabu cha Kiswahili. Vitabu nilivipakua ofisini kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kuviweka kwenye kadi za kumbukumbu, maana hapa hakuna intaneti na siwezi kumwambia mwalimu anunue bando. Vitabu vya karatasi hapa wanagawana, na kile cha mbele kimechanika kurasa. Mvulana mmoja alikuza picha ya kuku kwa vidole viwili mpaka likabaki jicho, kundi zima likaangua kicheko, kisha akasoma aya yote kwa sauti bila kusita. Mwalimu aliniangalia. Baadaye akaniambia mtoto yule hajawahi kunyoosha mkono.

Kuna watu huniambia mbona Tanga watoto walijifunza kwa vishikwambi bila mwalimu. Wanazungumzia shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyiwa majaribio katika vijiji 170 vya Tanga, na zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa mwaka 2019 kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Ni kweli wapo watoto wa kule waliojifunza kusoma Kiswahili kwa programu zile, na nafurahi kwamba lugha yetu ndiyo iliyotumika. Lakini kule kila mtoto alikuwa na chake, na kila kijiji kilikuwa na pa kuchajia kwa nguvu ya jua. Hapa nina watoto wanane kwa kimoja na LUKU inayoisha Jumatatu mchana. Bila mwalimu wa kupiga makofi yale mawili, yule wa konani hagusi.

Saa 5:10 asubuhi

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Fundi amefungua kile cha asilimia 31, kweli ni tundu la chaji. Dakika ishirini, kimepona. Waya sita za chaji kwa duka lenye EFD, mashine ya risiti za kodi, kwa sababu bila risiti hiyo mhasibu hanielewi. Maji, chapati mbili, safari.

Saa 7:00 mchana

Kikao ofisini. Mwanasheria, mkaguzi wa ndani, ofisa manunuzi, mkuu wangu wa idara na mimi. Nilikuwa nimeomba ajenda hii tangu mwezi uliopita: fomu ya makabidhiano.

Nikaiweka mezani ile nakala ya bahasha. Nikapendekeza mambo ninayoyaamini. Vifaa vya wanafunzi viandikwe kwenye rejesta ya shule kama vitabu, visiwe jina la mwalimu mmoja. Kikiibwa, shule ipeleke RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, na kamati ya shule ikae. Uzembe udaiwe ukithibitishwa, usidhaniwe kabla. Na kila kipindi mwalimu asaini kuchukua na kurudisha, ili deni lake liwe la dakika arobaini, lisiwe la maisha.

Mkaguzi hakukubali haraka. "Mali ya serikali haiwezi kukosa mwenyewe," alisema, na yuko sahihi. Nimeona pia vitu vya umma vikiyeyuka kwa sababu ni vya wote.

Nikawaeleza habari ya Los Angeles, Marekani. Mwaka 2013 wilaya ya shule za umma ya kule ilianza kuwagawia wanafunzi iPad, katika mpango wa zaidi ya dola bilioni moja. Ndani ya siku chache wanafunzi wa baadhi ya shule walishafungua vizuizi na kuingia walikotaka, vifaa vikakusanywa. Wazazi nao walikuwa wanauliza swali lilelile la mwalimu wangu: kikipotea, nani analipa? Majibu hayakuwa wazi. Mwaka 2014 mkataba ukasimamishwa, kwa maswali kuhusu zabuni yake. Wenzetu walikuwa na fedha za kutosha kila mtoto apate chake, lakini swali la nani analipa liliwasumbua hata wao.

Ofisa manunuzi akauliza LUKU nani atalipa. Swali zuri pia. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hata hiyo haifiki yote mkononi mwa Mwalimu Mkuu. Hilo halikupata jibu leo.

Fomu ilipata nusu ya jibu. Shule tatu zitumie rejesta mpaka mwisho wa muhula, mkaguzi mwenyewe atapita kuhesabu. Mwanasheria akaandika pembeni kwa kalamu, wote tukasaini. Shule ya asubuhi ni mojawapo. Niliishikilia karatasi ile nikashuka ngazi karibu nikimbie.

Saa 9:15 alasiri

Nimerudi. Jumanne hii walimu wana MEWAKA, mafunzo yao ya kazini, wamekaa tisa darasani kwenye madawati ya watoto. Niliwasomea karatasi neno kwa neno. Palikuwa kimya, kisha mwalimu wa hesabu darasa la tano akauliza, "Kwa hiyo jina la mwenzetu limetoka?" Nikasema limetoka. Mwalimu wa darasa la tatu akaomba aione mwenyewe. Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

Mwalimu Mkuu akatoa kaunta buku mpya, akachora safu kwa rula: tarehe, namba ya kifaa, jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha. Jina la kwanza ni la yule mwalimu. Kishikwambi namba 4, anaenda nacho nyumbani kuandaa somo la kesho.

Saa 3:10 usiku

Nimeshakula, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto. Ujumbe unaingia kutoka kwake: kinabaki asilimia 9, je, chaji ya simu ya mume wake inafaa? Ameambatanisha picha ya kichwa cha waya.

Nikamjibu ndiyo, inafaa, ila asikilaze juu ya godoro kinapochajiwa.