Jinsi nilivyookoa traki 16 za kwaya zilizokuwa zimeshuka

Kwa siku tatu niliambiwa na watu ninaowaheshimu katika kazi hii kwamba 44,100 na 48,000, yaani idadi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) zinazochukuliwa kila sekunde wakati wa kurekodi, ni namba tu, na kwamba programu ya kuhariri hujipanga yenyewe. Ushauri huo nusura uiharibu kazi ya kwaya ya parokia yetu, na bado unaniudhi.

Tulirekodi wimbo kanisani kwa mikisa ya kidijitali (mashine ya kuchanganyia sauti) iliyounganishwa na kompyuta ya fundi tuliyemkodi. Alinitumia mafaili ya sauti ya aina ya WAV, ambayo kuyapakua tu kulinigharimu kama elfu ishirini za vifurushi, nami nikayaingiza katika Reaper, programu ya kuhariri sauti, ili yaendane na picha za kamera. Nilipoyacheza mara ya kwanza, sauti ilikuwa nzito kana kwamba wanaimba waliochoka, na kinanda, ambacho Doh yake ilikuwa G, kilisikika kati ya F na F#. Katika video wimbo ulikuwa wa dakika 4 kamili, lakini traki zangu zilimalizika sekunde 21 baadaye.

Mwenzangu mmoja akaniambia niongeze kasi kwa asilimia 9, kisha nipandishe sauti kwa nusu toni moja na nusu. Nilikesha nikifanya hivyo kwa traki zote. Kulipokucha, kayamba zilikuwa zimepoteza makali, kila herufi s ilitoa mlio wa bati, na sauti ya nne ilitetemeka mahali ambapo waimbaji walikuwa wameishikilia noti kwa uthabiti. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa wimbo sauti ilitangulia midomo kwa takriban theluthi ya sekunde, kwa sababu asilimia 9 ilikuwa makadirio na si hesabu. Mwingine akanishauri nibadili mafaili kutoka 44,100 kwenda 48,000. Nikabadili, na hakuna kilichosogea. Ubadilishaji uliofanywa vizuri hulinda urefu na kimo cha sauti, hivyo kosa lilihifadhiwa kwa uaminifu mkubwa.

Ndipo nilipochukua kikokotoo. Sekunde 261.2 gawanya kwa 240 ni 1.088, na 48,000 gawanya kwa 44,100 ni 1.088 vilevile. Nilisimama kitini kwa furaha. Nilipompigia fundi, alikiri kwamba mikisa ilikuwa imewekwa 48,000 na ndiyo iliyoiongoza saa ya kompyuta, yaani mwendo wa kuchukua sampuli, ilhali programu yake ya kurekodia ilikuwa imewekwa 44,100. Kila sekunde ziliingia sampuli 48,000, kisha faili likaandikiwa kwamba ni 44,100. Sauti ilikuwa nzima kabisa; kilichokosewa ni maandishi yaliyo kichwani mwa faili.

Dawa yake ilichukua dakika kumi. Nilifungua kila traki katika Audacity, programu nyingine ya kuhariri sauti, na kwenye menyu ya traki yenyewe nikachagua kiwango cha 48,000. Chaguo hilo hubadili namna sampuli zinavyosomwa tu, bila kuzigusa. Lile la kubadili sampuli, lililo katika menyu kuu ya traki, hukokotoa sampuli mpya, na hapa lingekuwa kosa. Kisha nikatoa mafaili mapya kwa 48,000 hiyo hiyo, kwa biti 24.

Ilibaki traki ya gitaa ambayo mpigaji aliirekodi nyumbani kwa 44,100 ya kweli. Hiyo ndiyo iliyohitaji kukokotolewa upya, kila sampuli 147 zizae 160, nami nilitumia SoX, programu ya kubadili mafaili ya sauti, kwa ubora wake wa juu, mara moja tu, nikahifadhi faili la awali. Ukirudi chini kutoka 48,000 kwenda 44,100, programu lazima kwanza ichuje masafa yote yaliyo juu ya hezi 22,050, yaani nusu ya 44,100, la sivyo masafa hayo yatarudi kama milio ya ajabu, kwa hiyo usiruhusu ubadilishaji wa haraka haraka.

Mwalimu wa kwaya alipokuja, aliketi kwenye kinanda chake na kuigusa Doh huku wimbo ukicheza, na noti hizo mbili zikakutana. Sasa, kabla ya kurekodi popote, namwomba fundi apige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni, kisha napima muda kati ya makofi hayo kwenye video na kwenye traki kabla sijagusa chochote.