Juni 19 katika Kisiwa cha Galveston

Tuliondoka Houston kabla jua halijachomoza, mimi na jirani yangu, mama wa makamo kutoka Bukavu, kuelekea Galveston, kisiwa kilicho umbali wa kilomita 80 hivi kusini-mashariki. Alikuwa amesikia kwamba siku hiyo watu weusi wa Texas husherehekea uhuru, akaniomba nimchukue. Nami, mzaliwa wa Bagamoyo, sikuhitaji kuombwa mara mbili.

Tulianzia Ashton Villa, jumba la matofali lililojengwa mwaka 1859, ambako kila mwaka husomwa Amri Namba 3 iliyotolewa mjini humo na Jenerali Gordon Granger, wa jeshi la Kaskazini lililoshinda Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, tarehe 19 Juni 1865. Rais Lincoln alikwisha kutangaza uhuru tangu Januari 1863, lakini tangazo lisilo na askari wa kulisimamia halikuwa na nguvu Texas, na watumwa wapatao 250,000 waliendelea kutumikishwa kwa zaidi ya miaka miwili.

Amri yenyewe ni fupi. Inaanza kwa kutamka kwamba watumwa wote ni huru na kwamba wana usawa kamili na waliokuwa mabwana zao, kisha, bila hata kuvuta pumzi, inawashauri wakae kwa utulivu walipo, wafanye kazi kwa ujira, wala wasikusanyike kwenye kambi za jeshi, kwa kuwa hakuna atakayewalisha wakiwa wavivu. Nilipomfasiria, mama alinikazia macho. “Ndugu yangu, mtu anaambiwa yuko huru, halafu anaambiwa abaki kwa bwana wake?” Sikuwa na jibu.

Mtaani Strand, palipokuwa na makao ya jeshi la Granger, tuliuona mchoro mkubwa wa ukutani uliozinduliwa mwaka 2021, mwaka uleule Juni 19 ilipofanywa sikukuu ya taifa; katika jimbo la Texas ilikuwa sikukuu tangu 1980. Mchoro ni mzuri, ila joto halikuturuhusu kusimama sana.

Kilichonigusa ni maandamano ya kutoka mahakamani hadi Reedy Chapel, kanisa ambalo chanzo chake ni ibada za watumwa mwaka 1848. Wazee walitembea na miavuli kujikinga na jua, watoto wakakimbia mbele, na wimbo ulioanzishwa nyuma ulitufikia ukiwa umebadilika mdundo. Mama wa Bukavu hakujua maneno, lakini aliupatia kwa makofi.

Baadaye bibi mmoja alitugawia kinywaji chekundu kilichojaa barafu, maana siku hiyo mezani kila kitu ni chekundu: soda, tikiti maji, hata keki. Wapo wanaoihusisha desturi hiyo na vinywaji vya rozela na vya kokwa za kola vya Afrika Magharibi. Mama alionja, akafumba macho, akasema kimepungukiwa tangawizi, kisha akanyoosha bilauri aongezewe.